Muulize Mwalimu: Je, kemia itamtoa binti yangu kanisani?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu katika jina la Bwana. Binti yangu ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno kusomea kemia. Sisi ni wa Kanisa la Marafiki (Quaker) tangu enzi za babu yangu, aliyepokea imani Kaimosi. Juzi, baada ya mkutano wa mwezi, mzee mmoja alinivuta kando akaniambia kwamba mtoto akizama katika sayansi hizo za juu, hasa msichana, kanisani harudi tena. Heri nimtafutie kozi nyingine. Mama yake hapati usingizi. Je, kuna mtu aliyefika uprofesa wa kemia na imani yake ikabaki? – Baba mzazi, Hamisi, Vihiga.

JIBU: Yupo, ndugu yangu, tena ni Rafiki kama ninyi. Anaitwa Kathleen Lonsdale. Mimi ni Mwanglikana wa Maseno, lakini miaka yote niliyofundisha kemia katika shule za wasichana hapa Nyanza, huyu mama ndiye niliyemtaja darasani kila nilipofika kwenye kaboni. Kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Newbridge, Ireland, kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Walihamia Uingereza angali mdogo. Shule yake ya wasichana haikuwa na fizikia, kemia wala hisabati za juu, basi akawa anakwenda kuyasoma masomo hayo katika shule ya wavulana, msichana peke yake. Chuo aliingia akiwa na miaka 16, na mwaka 1922 akaongoza Chuo Kikuu cha London katika mtihani wa shahada ya fizikia.

Kazi iliyompa jina ni ya mwaka 1929. Binti yako hatakaa sana Maseno kabla ya kukutana na benzeni, atomi sita za kaboni zilizoshikana zikafanya duara. Mwanakemia Mjerumani, Kekulé, alipendekeza duara hilo mwaka 1865, na tangu hapo wanakemia wakawa wanabishana: je, limelala bapa kama chapati, au limepindapinda? Kathleen alichukua fuwele (kipande kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa utaratibu, kama punje ya chumvi) ya mmoja wa jamaa za benzeni akaimulika kwa eksirei. Miale hiyo ikigonga fuwele hutawanyika, na nguvu ya kila mwale pamoja na pembe unakotokea ndivyo vinavyoeleza atomi zimekaa wapi. Lakini havielezi bure. Kila mwale una hesabu yake ndefu, na enzi hizo kompyuta hakuna. Alikokotoa kwa mkono, na jibu likatoka: duara ni bapa.

Wakati huo alikuwa ameolewa. Watoto walipokuja, alikaa nyumbani London akiwalea huku akiendelea na hesabu zake hapo hapo. William Bragg, aliyekuwa mkubwa wake kazini, alitafuta fedha za kumlipia msaidizi wa nyumbani ili mama huyo arudi maabara. Sentensi hiyo mzee wako naye aisikie. Wasichana niliowaona wakikatika njiani hawakuangushwa na kemia. Waliangushwa na karo, na mtoto mchanga asiye na wa kumshika, na wakwe waliosema masomo yametosha. Kanisa likitaka kumlinda binti yako, kazi iko hapo.

Sasa imani. Kathleen hakuzaliwa Rafiki. Mama yake alikuwa Mbaptisti. Yeye na mumewe walijiunga na Marafiki mwaka 1935, miaka sita baada ya ile kazi ya benzeni. Yaani alikuwa tayari mwanasayansi wa kutajika, na hapo ndipo alipoingia kanisani kwenu, kwa miguu yake mwenyewe. Mzee anahofia sayansi imtoe mtu. Huyu aliingia kanisani akiwa nayo.

Tena hakuwa Rafiki wa Jumapili tu. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, serikali ya Uingereza iliwataka raia wajiandikishe kwa kazi za ulinzi wa raia. Alikuwa na watoto watatu wadogo, na kama angejiandikisha tu, angesamehewa kazi yenyewe. Alikataa, kwa kuwa dhamiri yake ilipinga vita na sheria ile haikuacha nafasi ya dhamiri. Akatozwa faini ya pauni mbili. Faini nayo akakataa kulipa. Januari 1943 akaingia gereza la Holloway kwa mwezi mmoja, akawa anasugua sakafu na wafungwa wenzake, na baada ya kazi anarudi kwenye karatasi zake za fuwele.

Wengine wangetoka humo wasitake kulisikia tena neno jela. Yeye alitoka na hoja kuhusu hali ya wanawake aliowaacha ndani, akazipigania, na baadaye akawa mjumbe wa bodi ya wakaguzi wa gereza la wanawake la Aylesbury. Mwaka 1945, miaka miwili tu baada ya kifungo, yeye na Marjory Stephenson walikuwa wanawake wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1949 akawa profesa wa kemia pale University College London. Aliendelea kusafiri na kuzungumza juu ya amani hadi alipofariki mwaka 1971, na alifariki akiwa Rafiki.

Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na chimbuko lake ni hapo Kaimosi, tangu mwaka 1902. Ningependa jina la Kathleen litajwe katika mkutano wenu wa mwezi, tena mbele ya vijana, na binti yako mwenyewe ndiye asimame kulieleza lile duara. Ataweza.

Kwa mama yake: hofu yako naielewa, dada. Mtafutie mapema ushirika wa wanafunzi wa kanisa lenu atakaoketi nao Jumapili akiwa chuoni, na mpigie simu bila kumhoji. Na wewe baba, barua ya chuo ina tarehe ya kuripoti. Anza kutafuta basari leo, na huyo mzee awe wa kwanza kuombwa mchango.