Dakika nne za mazoezi kwa siku zinatosha?
Zinasaidia, mradi ujitume hadi ushindwe kuongea. Mtafiti Mjapani Izumi Tabata alilipima hilo mwaka 1996: sekunde 20 kwa nguvu zote, 10 za kupumzika, mara saba au nane, siku nne kwa wiki, na siku ya tano mazoezi marefu ya kasi ya wastani pamoja na machache ya aina hiyo. Baada ya wiki sita vijana aliowapima walikuwa na pumzi zaidi, yaani stamina. Ila wao walikuwa kwenye baiskeli za mazoezi, si sebuleni. Mimi hufanyia kwa bedsita yangu Roysambu. Jirani wa chini aligonga dari na mti wa mopu, sasa nachuchumaa na kuinuka badala ya kuruka. Kumbuka WHO inataka angalau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki. Una presha? Muone daktari kwanza.