Kuwapa marafiki habari ya riwaya mpya: yaliyonikuta mimi Pemba

Ndugu yetu ameuliza namna ya kuwaarifu marafiki zake kwamba riwaya yake ya kwanza imetoka, bila ya kuonekana anajigamba wala anaomba. Mimi nilipita njia hiyo miaka michache nyuma nikiwa hapa Wete, na kwa niliyoyaona, hilo la kujigamba ndilo dogo kuliko yote. Watu wa kwetu hawamchukii mtu kwa kuandika kitabu. Humpongeza, humwombea dua, kisha habari ikaishia hapo.

Riwaya yangu ilichapishwa Dar es Salaam, nakala 300, na maboksi yakaja kwa boti mpaka Malindi, bandari ya Unguja, kisha kutoka hapo mpaka Mkoani, bandari yetu ya Pemba. Boksi moja lilikuwa limerowa pembeni, na majalada ya nakala za chini yalikuwa yamejikunja kama ng'onda, yaani samaki mkavu, lakini kwa furaha niliyokuwa nayo sikujali. Usiku uleule nilipiga picha ya jalada nikaituma katika makundi yote ya simu niliyomo: la ukoo, la niliosoma nao skuli, la msikitini na la wafanyakazi wenzangu. Kufika asubuhi nilikuwa nimepata "mashaallah" na "hongera" zisizopungua 60. Baada ya wiki nilihesabu nakala nilizouza, zikawa nne. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu tangazo lile liliwashukuru wazazi, walimu na mke wangu kwa urefu, lakini halikutaja bei wala mahali kitabu kinapopatikana, na mtu asipotajiwa bei huhisi anapewa zawadi. Ndiyo maana kila niliyekutana naye njiani aliniuliza, "Yangu iko wapi?"

Wala hayo hayawapati waandishi wadogo peke yao. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu zetu zilijaa pongezi siku kadhaa. Lakini mwaka uliofuata, riwaya yake moja ilipotoka kwa Kiswahili, nilimtafuta miongoni mwa waliopongeza mtu wa kuniazima nakala, sikumpata. (Nami nilikuwa natafuta kuazima, kwa hiyo sijitoi.)

Kilichonifaa ni kuyaacha makundi na kumwandikia mtu mmoja mmoja kwa jina lake, nikimweleza kwa nini nadhani hadithi hii itamhusu yeye: huyu kwa sababu amekulia katika mashamba ya mikarafuu, yule kwa sababu babake alikuwa baharia, mwengine kwa sababu tulikuwa tukibishana naye juu ya mambo hayohayo tangu skuli. Ndani ya ujumbe huohuo nilitaja shilingi 10,000 na duka la Chake Chake nilikoziweka nakala. Kazi hiyo ilinichukua jioni za karibu mwezi mzima, na inachosha kweli, lakini katika watu 40 niliowaandikia, zaidi ya nusu walinunua.

Siku moja baada ya sala ya alasiri nilichukua nakala mpaka barzani tunapokunywa kahawa, nikaiweka pale kati bila ya kusema neno. Mzee mmoja aliyeishi na karafuu umri wake wote aliiokota, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti. Katika ukurasa wa tatu alinyamaza, akairudia sentensi moja polepole, kisha akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, karafuu hizi umezianika asubuhi, na jioni umeshazitia guniani. Jua hilo la wapi?" Alisema kweli. Karafuu zikishachambuliwa kutoka katika makonyo, yaani vijiti vyake, huanikwa juani kwa siku kadhaa, na wingu likitanda watu hukimbilia majamvi. Mimi, mtoto wa Pemba, nilizikausha kwa kutwa moja kwa sababu hadithi yangu ilikuwa na haraka. Barza nzima ilicheka, kisha wakaanza kubishana ni siku ngapi hasa, na mwengine akashikilia kwamba hakuna hesabu, mwamuzi ni jua lenyewe. Nakala tano zilinunuliwa palepale, na kwa wiki mbili watu nisiowajua wakawa wananisimamisha sokoni kuniulizia "kile kitabu cha karafuu za siku moja". Niliona haya, nisiseme uongo, lakini hakuna tangazo langu lililofika mbali kama kosa lile.

Kuhusu mkopo sina maneno mengi: nilitoa nakala 12 za "mwisho wa mwezi", nikalipwa saba. Na yuko rafiki aliyeko Maskati aliyetaka nimrushie faili la kitabu asome mara moja tu. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki tangu 2003, lakini rafiki hazuiliwi kwa sheria. Nilimpelekea nakala kwa mkono wa msafiri, na pesa akaituma mwenyewe.

Jambo moja nililichelewa, nalo ni la visiwa vidogo kama vyetu. Rafiki yangu wa karibu alininunia miezi mitatu kwa kudhani kwamba yule mhusika bahili ni yeye, kwa sababu tu nilimpa mhusika huyo baiskeli yenye kengele mbovu kama yake. Kama wako wa namna hiyo katika kitabu chako, waendee mwenyewe nyumbani kwao kabla picha ya jalada haijawafikia, uwape habari kwa mdomo.

Halafu, ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Hukutaja jina la riwaya, wala bei, wala inapopatikana. Anza na hayo, na nakala moja niwekee mimi. Nitalipa kabla ya kuipokea.