Parkinson nyumbani: maswali yenu ya vijiko, fremu na bafu

Baba anamwaga chakula. Ninunue kijiko kizito nilichokiona mtandaoni?

Hili linaulizwa kila mara, na kila mara muulizaji hasemi mzee anashindwa nini, wala saa ngapi. Mtazame kwanza akila. Mtetemo wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili utetemeke na kukakamaa, mara nyingi huwa mkali mkono ukiwa umetulia, ukapungua unaposhika kitu. Kinachomwaga mchuzi huenda ni ugumu na mwendo mzito wa mkono wenyewe. Ukiuongezea kijiko kizito utachoka kabla sahani haijafika nusu. Nenepesha mpini wa kijiko cha nyumbani: kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzungushie hadi ufike unene wa sentimita 3 hivi, ukaze kwa uzi. Tumia bakuli lenye kingo zilizosimama, na chini yake tandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa lisiteleze. Halafu tazama saa. Levodopa, dawa ya Parkinson, kwa kawaida humezwa kama nusu saa kabla ya chakula. Dawa isiposhika, kijiko cha dhahabu hakitasaidia.

Mama ana fremu ya kutembelea ya miguu minne, bado anaanguka kinyumenyume.

Kama haina magurudumu, kila hatua anainyanyua, anasimama, anaanza upya, na kuanza upya ndiko kunakomshinda. Ulizeni mfiziotherapia kuhusu yenye magurudumu na breki, ila Mama aijaribu mbele ya mtaalamu huyo, maana nayo humkimbia mtu. Miguu ikiganda mlangoni, ikagoma kupiga hatua, msimvute mkono, mtamwangusha. Bandikeni sakafuni vipande vya utepe wa rangi inayoonekana, vikikatiza njia, umbali wa hatua moja moja. Aambiwe avuke mstari. Msitandike mkeka, huo ndio unaomkwaza.

Vifungo vya shati vinamchukua nusu saa.

Ng'oa, shona velkro ndani, kisha rudisha vifungo juu kama pambo. Avae ameketi, mkono ulio mgumu zaidi uingie kwanza.

Bomba la taulo linafaa kushikiliwa chooni?

Hapana. Litang'oka na vigae vyake. Fundi afunge chuma cha kushikia kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali. Na kile kiti cha plastiki mnachomwogeshea: miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye vigae vyenye povu. Tafuteni chenye soli za mpira, kiegemee ukuta.

Akinywa maji anapaliwa. Mrija upi mzuri?

Weka mrija chini. Mpeleke hospitali apimwe umezaji wiki hii. Maji yanayopita njia ya hewa huleta nimonia.