Kuhesabu chui msituni

Mkuu umeuliza kwa nini chui hawahesabiwi kwa kutembea kwenye mstari ulionyooka ukihesabu unaowaona, kama wanavyohesabiwa mbega, sababu ni kwamba chui anakusikia kabla hujamuona, halafu wengi wao shughuli zao ni usiku, utatembea mpaka viatu vitoboke utaambulia kinyesi na nyayo tu. Ndo maana watu wanatumia kamera za mitego (zinajipiga zenyewe kitu chenye joto kikipita mbele yake). Pale milima ya Udzungwa, Tanzania, kwa mfano walitega pointi 60, kamera moja kwa kila kilomita 2 za mraba, zinakaa siku 30 kila moja.

Sasa kwa chui kuna kitu wengi hawakizingatii, kila mmoja anatambuliwa kwa madoa yake, na madoa ya ubavu wa kulia hayafanani na ya kushoto, kwa hiyo ukiweka kamera moja utajikuta unamhesabu mmoja mara mbili. Weka mbili zitazamane njia ikiwa katikati, ila zisinyooke kabisa maana mwanga wa moja unaharibu picha ya nyingine. Funga usawa wa goti hivi, fyeka majani ya mbele (jua likiyapiga yakapata joto upepo ukaja, memori kadi inajaa picha za majani matupu), na ndani ya kamera tupia silika (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) maana unyevu wa msituni hauna huruma. Tembo akiamua kuing'oa hapo huna la kufanya.

Na usiidharau hii kitu, kanu wa Lowe (mnyama mdogo wa jamii ya fungo) alijulikana kwa ngozi moja tu ya mwaka 1932, kamera ndo ikaja kumnasa tena Udzungwa mwaka 2000.