Ukiombwa kuwa shahidi mtaalamu wa mwomba hifadhi: niliyojifunza katika kesi za Wabajuni

Sentensi iliyonifunza kazi hii ilikuwa fupi: “Mbajuni yeyote wa visiwani huzungumza Kibajuni.” Niliiandika katika moja ya ripoti zangu za mwanzo, nikiwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Lamu anayeishi Uingereza, kwa ajili ya mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akiomba hifadhi. Kwa mzee yule ilikuwa kweli tupu, maana alikuwa akisema “nchu” pale ambapo wengi wetu tungesema “mtu”, na hakuna sikio la pwani ya kaskazini ambalo lingemkosea. Alipewa hifadhi, na ripoti yangu ikanukuliwa katika uamuzi. Baada ya miaka miwili wakili mwingine aliniletea barua ya kukataliwa kwa msichana aliyetolewa kisiwani Chula, Somalia, akiwa mtoto mchanga na kulelewa Mombasa, na ndani ya barua ile nikaikuta sentensi yangu, haina jina langu wala habari za mzee yule, ikitumika kuthibitisha kwamba msichana huyo hawezi kuwa Mbajuni wa Somalia kwa sababu anazungumza Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Naandika haya kwa walimu, watafiti, wakalimani na wazee wa jamii zetu ambao siku moja watapigiwa simu na wakili na kuombwa waeleze hali ya nchi kwa ajili ya kesi ya hifadhi. Ninayoyajua vizuri ni mambo ya Wabajuni mbele ya mabaraza ya rufaa ya Uingereza, na huko ndiko nitakakobaki.

Wabajuni wanaishi kwenye visiwa na mwambao kuanzia Kismayu, kupita Koyama, Chovai na Chula, hadi Kiamboni, kisha wanaendelea ndani ya Kenya, Kiunga, Kiwayu na Faza. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na mpaka ukapita katikati ya watu hawa wa bahari, ndugu wakawa raia wa nchi mbili bila kuhama nyumba. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wa upande wa Somalia, ambao hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda, waliporwa na kufukuzwa visiwani, na wengi wakafika Mombasa kwa majahazi na kukaa katika kambi za wakimbizi kama ile ya Jomvu. Aliyefika Ulaya baadaye hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala pasipoti ya nchi iliyokuwa na serikali, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hili: tutajuaje kwamba wewe si Mbajuni wa Kenya? Swali ni la haki, kwa sababu Mbajuni wa Kenya ana nchi ya kumlinda. Lakini ushahidi wa kulijibu umo zaidi katika ulimi wa mtu na kumbukumbu zake, na hapo ndipo shahidi mtaalamu anapoitwa.

Ukiitwa, fahamu kwanza kwamba wewe si shahidi wa mwomba hifadhi, ijapokuwa wakili wake ndiye aliyekutafuta na ndiye anayelipa ankara yako. Wajibu wako ni kwa baraza. Mawakili wa Uingereza huirejesha kanuni hii kwenye hukumu ya mwaka 1993 kuhusu meli iliyoitwa Ikarian Reefer, ambayo ilikwama kwenye mafungu karibu na pwani ya Sierra Leone kisha ikaungua. Kesi ilikuwa ya bima na haikuwa na mkimbizi hata mmoja, ila jaji alieleza humo wajibu wa shahidi mtaalamu kwa namna ambayo bado inafuatwa: maoni yake yawe huru, asijigeuze mtetezi, aseme wazi swali linapotoka nje ya ujuzi wake, na asifiche jambo lolote linalopingana na maoni yake. Hilo la mwisho ndilo linalotushinda sisi tunaotoka katika jamii zenyewe. Unamwona kijana wa kwenu, unaijua bahari aliyoivuka, na moyo unakuambia uongeze neno moja tu la kumsaidia. Usiliongeze. Wakili wa serikali atalitafuta neno hilo, na akilipata, jaji atatilia shaka hata kurasa kumi ulizoziandika kwa uangalifu.

Omba karatasi zote kabla ya kuandika chochote, hasa zile ambazo wakili anaona aibu kukuonyesha: kumbukumbu za mahojiano ya kwanza kabisa, kumbukumbu za mahojiano marefu na barua ya kukataliwa. Mahojiano yakiwa yamerekodiwa, omba sauti yenyewe. Mimi siku hizi sikubali kazi bila sauti ikiwa sauti ipo, na sababu ni kijana mmoja ambaye kumbukumbu zake za Kiingereza zilisema kwamba familia yake iliondoka “kutoka mwisho wa kaskazini”. Barua ya kukataliwa ilimshika hapo hapo: Chula iko kusini mwa Somalia, vipi mtu wa Chula aseme alikuwa akiishi kaskazini ya mbali? Nilipoisikiliza sauti, kijana alikuwa amesema, kwa utulivu kabisa, “tulitoka mwisho wa kaskazi.” Alikuwa akitaja pepo, yaani majira. Kaskazi ndio upepo unaovuma tangu karibu na Disemba hadi Machi, na ndio unaokisukuma chombo kutoka Kismayu kuja Mombasa. Kwa hiyo alikuwa ametoa tarehe, tena tarehe inayolingana na miezi ya mwanzo ya 1991. Mkalimani, ambaye kwa lafudhi yake alijifunza Kiswahili chake bara, hakuwahi kuishi na watu wanaohesabu mwaka kwa kusi na kaskazi.

Katika kumbukumbu hizo hizo “baba” aliuawa Kismayu ukurasa wa nne, na ukurasa wa tisa “baba” huyo akawapandisha watoto jahazini. Kila msomaji wa makala hii ameshaelewa kwamba mmoja ni mzazi na mwingine ni baba mdogo au baba mkubwa, lakini afisa aliyekuwa mbele ya kijana hakuwa na sababu ya kulielewa, naye aliandika kwamba mwombaji anajipinga katika jambo ambalo mtoto hawezi kulisahau. Saa nazo ni hivyo hivyo, maana “saa moja usiku” hugeuka saa saba usiku kwenye karatasi.

Sasa tazama jinsi ya kuliandika jambo kama hilo, kwa kuwa ujuzi wote wa kazi hii uko hapa. Si kazi yako kuandika kwamba kijana anasema kweli, wala kwamba wa ukurasa wa tisa ni baba yake mdogo. Kuamua nani aaminiwe ni kazi ya jaji, na ukiigusa umeondoka kwenye eneo lako. Unaloweza kuandika ni kwamba katika matumizi ya kawaida ya Waswahili ndugu wa kiume wa mzazi huitwa baba, kwamba neno la kumtofautisha mara nyingi huachwa pale ambapo msikilizaji anatarajiwa kujua, na kwamba sauti katika dakika fulani inamwonyesha mkalimani akitafsiri bila kuuliza ni baba yupi. Jaji ana akili, atafika mwenyewe.

Kuhusu lugha, niwe mkali kidogo. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa miongozo ya kutumia uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, na nguzo yake ni kwamba lugha huonyesha jamii ambamo mtu alilelewa, si uraia wake. Mwaka huo huo baraza la rufaa la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu Wabajuni na uwezo wao wa kuzungumza Kibajuni, na uamuzi wa mwongozo si kama uamuzi mwingine, kwa sababu majaji wa kesi zinazofuata hutarajiwa kuufuata pale ambapo mambo yanafanana. Ndiyo maana nasema sentensi ya shahidi ina safari ndefu. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya watu wawili waliosema ni Wasomali, ambao ripoti za lugha za kampuni moja ya Uswidi ziliwahesabu kuwa watu wa Kenya. Mahakama ilionya kwamba ripoti kama hizo zisipewe uzito kwa mazoea tu, na kwamba mchambuzi wa lugha asitoe maoni juu ya ujuzi wa mtu kuhusu nchi yake ikiwa hajaonyesha kwamba ana utaalamu wa jambo hilo. Onyo hilo linatuhusu na sisi upande wa pili. Kama unajua lugha lakini hujui nani alikuwa akiitawala Kismayu mwaka fulani, andika juu ya lugha na uishie hapo.

Kama unaijua na hali ya nchi, basi ijue kwa tarehe. Al-Shabaab waliichukua Kismayu Agosti 2008 wakaondoka karibu na mwisho wa Septemba 2012, na ripoti ya 2011 iliyo sahihi kila neno inaweza kumpotosha jaji wa 2013. Hatari inayopimwa ni ile ya siku ya kusikilizwa, hivyo kesi ikiahirishwa kwa miezi minane, mwandikie wakili mwenyewe na umweleze ni aya zipi zimechakaa, usisubiri akuulize.

Utaulizwa pia barazani kama umewahi kufika mahali unapopaeleza. Mimi sijawahi kukanyaga Chula. Mara ya kwanza swali hilo lilinitia jasho nikajibu kwa kuzunguka, na niliona kalamu ya jaji ikisimama. Tangu hapo naandika katika ukurasa wa pili wa kila ripoti kwamba sijafika, kwamba niyajuayo nimeyapata kwa wavuvi na akina mama waliotoka huko ambao nimezungumza nao kwa miaka mingi Lamu, Mombasa na hapa, na kwamba nayalinganisha na maandishi ya watafiti kama Derek Nurse aliyekichunguza Kibajuni kwa muda mrefu. Swali likija, jibu limeshaandikwa, na mazungumzo yanahamia kwenye mambo yenye faida, kwa mfano namna wavuvi wanavyomfunga taza, samaki anayejibandika kwa viumbe wengine wa bahari, kamba mkiani na kumwachia amnate kasa, jambo ambalo mtoto wa mvuvi hulieleza kwa mikono yake kabla hajapata maneno.

Msichana wa Chula nilimwandikia ripoti, na katika aya ya kwanza ya sehemu ya lugha nilikiri kwamba sentensi iliyonukuliwa katika barua ya kukataliwa ilikuwa yangu na kwamba ilikuwa pana kuliko ujuzi wangu. Wakili wake hakuipenda aya hiyo, nami nilimwambia kwamba ikitoka, jina langu litoke pia. Mahali pa ile ya zamani niliweka hii, ambayo hadi leo naipima upya kwa kila mtu kabla ya kuitumia: “Mbajuni aliyelelewa visiwani na watu wazima wanaozungumza Kibajuni hutarajiwa kukizungumza, aliyeondolewa akiwa mtoto na kulelewa Mombasa hutarajiwa kuzungumza Kimvita, na usemi wake pekee hauwezi kuonyesha alizaliwa upande gani wa mpaka.”