Maswali ya Hisa: Grafu ilikuwa inapanda, mbona nimetoka na hasara?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nauza mitumba hapa Kiborloni, Moshi. Mwaka jana niliona kwenye simu hisa za benki moja grafu inapanda tu miezi mitatu mfululizo, nikachukua 1,000 kwa sh 600. Ikakaa hapo, siku moja ikadondoka ghafla nikaingiwa na hofu, ilivyorudi 610 nikauza fasta nikijua nina faida ya elfu kumi, ila hela iliyoingia ni pungufu ya niliyotoa. Nani kaila? Na hizo trendi mnazisomaje?
– Dada wa Kiborloni

JIBU: Salama dada. Hakuna aliyekula, hayo ni makato. Ukinunua unalipa kamisheni ya broka, yaani wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, na ada za soko, ukiuza unalipa tena, na kwa kiasi kama chako jumla inacheza kwenye asilimia 2 kila upande. Yaani 600,000 ilikutoka kama 612,000, na ile 610,000 ikarudi kama 597,800. Hasara ya 14,200 wakati bei imepanda! Ilitakiwa ifike kama 625 ndo uanze kuhesabu faida, kwahiyo kuwinda shilingi kumi kumi DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) ni kumfanyia broka kazi.

Sasa grafu. Ule mstari unakuonyesha bei tu, haukuambii bei hiyo imetokana na hisa ngapi, na soko letu bado dogo, zipo kampuni zinamaliza siku nzima bila hisa hata moja kubadili mkono, afu mtu mmoja mwenye shida ya ada ya shule anauza zake chache kwa bei yoyote na mstari unapinda. Wewe mwenyewe ukisikia belo moja limetupwa kwa bei ya hasara kwa sababu mwenye nalo anawahi basi, hushushi bei ya meza yako yote. Kwahiyo kabla ya kushtuka angalia idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Bei ikipanda na mauzo makubwa wiki baada ya wiki, hapo kuna watu wanaingia kweli.

Miezi mitatu nayo ni kipande kidogo mno. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma kwa sh 150 mwaka 2009, na mwaka 2019 sokoni zilikuwa chini ya hapo, miaka kumi! Mwaka 2024 zikavuka 600. Aliyekuwa anakodolea grafu fupi mwaka 2019 aliona mstari umelala tu. Benki zinachapisha hesabu kila robo mwaka, weka faida pembeni ya bei uone kama zinaenda pamoja.

Na huko kudondoka ghafla, hukutaja tarehe. Kama ilikuwa baada ya kufunga daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaopata gawio (mgao wa faida ya kampuni), hiyo ni kawaida kabisa, anayenunua baada ya hapo hapati gawio la mwaka huo ndo maana analipa pungufu. Kama jina lako lilikuwemo fuatilia hela yako, wanakata kodi asilimia 5 tu.

Chukua daftari la mauzo, kurasa za nyuma. Kila ukinunua andika sababu siku hiyohiyo, na kitu gani kikitokea utauza. Ukiandika baadaye utajidanganya, kila mtu anajidanganya. Andika na zilizokupa faida pia, maana nyingine ni bahati, na wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanarusha skrinshoti za faida peke yake.

SWALI: Nilinunua hisa kwenye IPO (kampuni ilipouza hisa kwa umma mara ya kwanza), bei ikaporomoka. Niongeze nyingine nishushe wastani wa bei niliyonunulia?
– Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Bei uliyonunulia unaijua wewe, soko haliijui. Jiulize kama usingekuwa na hata hisa moja ya kampuni hiyo, ungeinunua leo kwa hesabu ilizotoa mwaka huu? Kama hapana, usiongeze.