Lambda tatu kwenye daftari la viazi

Mjomba ana stoo ya viazi Uyole, Mbeya, na daftari lake naliandika mimi. Naliweka kwenye faili la maandishi matupu ndani ya Emacs, programu ya kuandikia, na kila nikihifadhi, mstari wa tarehe unajiandika wenyewe chini kabisa. Siku moja nikakuta imejiandika mitatu:

2025-06-12 14:05
12/6 14:05
12/6

Mjomba akadhani imeingia mizigo mitatu.

Kumbe ni mitindo mitatu ya tarehe niliyokuwa nimeijaribu jana yake. Kila nilipobadili lambda (fanksheni isiyo na jina, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake) ndani ya `add-hook` (amri inayoongeza fanksheni kwenye hook, orodha ya zinazoendeshwa jambo fulani likitokea) na kubonyeza `C-x C-e` ili Emacs iusome msimbo huo, niliamini mpya imeifuta ya zamani. Wapi! Emacs hulinganisha yaliyomo: ukigusa mwili wake kidogo tu, hiyo ni fanksheni nyingine, inapangwa mbele ya zilizopo. Ndiyo maana ya mwisho kuandikwa ndiyo iliyotangulia. Zile za nyuma zinabaki palepale zikifanya kazi, na huna jina la kuziitia. Huku kwetu mtu akijitaja Mwa-fulani, angalau unajua uanzie kuuliza nyumba gani.

Ukipatwa na haya, bonyeza `C-h v`, andika `before-save-hook`, ile hook inayoendeshwa kabla ya kuhifadhi. Utaziona zote zimepangana, mwili wa kila moja unasomeka. Ikiwa imeshakompailiwa (imegeuzwa kuwa msimbo wa kompyuta) mwili wake hausomeki; usijitese, rudi kwenye faili la chanzo.

Kuitoa, tumia `M-x remove-hook`: itakuuliza hook ipi, kisha fanksheni ipi. Mimi kwa haraka zangu niliandika `(setq before-save-hook nil)`. Ikaondoka hata `delete-trailing-whitespace`, inayofuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari, nami nikaja kushtuka wiki mbili baadaye, faili limejaa nafasi hizo.

Sasa chochote kinachokaa kwenye hook nakipa jina kwa `defun`, halafu:

`(add-hook 'before-save-hook #'viazi-weka-tarehe)`

Nikitaka kubadili, naisoma upya `defun` peke yake. Hook imeshika jina, kwa hiyo inafuata mwili mpya bila kuongeza mwingine. `C-h f`, ya maelezo ya fanksheni, nayo inanipa kiungo cha faili ilipoandikwa. Lambda nimeziachia `mapcar` na `sort`, fanksheni za kupitia na kupanga orodha, zinakotumika mara moja zikaisha.